Kabla ya ukuta, toeni maji: Ngome, Mwache na mlima unaotambaa

Ukishuka nyuma ya Ngome ya Yesu upande wa bahari, maji yakiwa yamekupwa, utaona jambo ambalo watalii wengi hulipita wakiwa na simu mkononi wakipiga picha za mizinga. Ngome ile haikusimama juu ya mchanga wala juu ya udongo. Imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na kuta zake zimeota humo kama jino katika ufizi. Mreno alipoanza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, alijua anachokifanya. Tangu hapo umepita mzingiro wa mwaka 1696 hadi 1698, ikapita mizinga ya Waingereza mwaka 1875, ikapita miaka zaidi ya sitini ya kuwa gereza, na Ngome bado ipo.

Kilichokuja kuitia hofu katika miaka ya karibuni hakikuwa risasi. Kilikuwa maji. Mawimbi yalikuwa yakiula mwamba kwa chini, kidogo kidogo, hadi Makumbusho ya Taifa ikabidi ijenge ukuta wa kuikinga Ngome na bahari. Wengi wetu tuliuona ukuta ule ukipanda, na wengine tuliunung'unikia kwa namna ulivyobadilisha sura ya pwani yetu. Lakini sababu ya kuujenga ilieleweka hata na mtoto: ukila chini, juu kutaanguka.

Leo nataka kuichukua sababu hiyo tuvuke nayo Makupa, kwa kuwa huko ng'ambo ardhi ni nyingine, na dawa yake ni nyingine.

Swali la barazani

Jioni moja tulikuwa barazani, Mji wa Kale, kahawa chungu mkononi. Mkokoteni wa maji ulikuwa ukipita na mitungi yake ya lita ishirini, na kama kawaida mazungumzo yakaingia katika shida ya maji. Mmoja akasema hiyo shida itakwisha Mwache ikikamilika. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akanigeukia.

"Mwanangu, wewe husoma soma. Lile zege la Mwache, likikatika?"

Nikamjibu, "Mzee, zege lile si la kukatika kirahisi. Mimi ningeuliza kwanza habari za kingo."

"Kingo zipi?"

"Za bonde. Bwawa lina ukuta mmoja uliojengwa na binadamu, na kuta nyingine alizozikuta pale pale. Hizo za kuzikuta ndizo ambazo watu huzisahau."

Mzee alinitazama kama mtu aliyeuliziwa deni. Makala haya ni jibu langu kwake kwa utulivu, maana barazani kahawa ilikwisha kabla ya maelezo.

Maji ya Mombasa hutoka mbali

Kisiwa chetu hakina mto. Zamani watu walikunywa maji ya visima na ya mvua, na ndani ya Ngome yenyewe bado unaweza kuona kisima na tangi la kukusanyia mvua. Mji ulipokua, maji yakafuatwa mbali: Marere katika milima ya Shimba, kisha chemchemi za Mzima kule Tsavo, ambazo bomba lake la zaidi ya kilomita 200 lilikamilika mwaka 1957, na baadaye Baricho kando ya mto Sabaki. Yote haya hayatoshi tena. Kila nyumba ya Mji wa Kale inajua siku gani bomba hutoa maji na siku gani hutoa upepo.

Ndiyo maana Mwache ina uzito kwetu. Bwawa hilo limepangwa huko Kinango, kaunti ya Kwale, kwenye mto Mwache ambao mwisho wake humwaga maji katika hori la nyuma ya Kilindini. Ukuta wake ni wa zege linaloshindiliwa kwa rola, wa kimo cha mita 87 hivi, na lengo ni kupata karibu lita milioni 186 za maji kila siku. Familia za Kinango zimehama ili ziwa lipate mahali pa kukaa. Kwa hiyo Mombasa ina deni la shukrani, na pia ina haki ya kuuliza maswali, kwani ndiyo itakayokunywa.

Vuka Makupa, ardhi inabadilika

Kisiwa na ukanda wa ufukweni ni matumbawe. Mwamba wa matumbawe una matundu. Mvua ikinyesha, maji huzama na kupita zake. Unaweza kuukata wima kama keki, na ukasimama. Wachimba mawe ya kujengea wamefanya hivyo tangu enzi za mababu.

Ukielekea Changamwe na Miritini, unaingia katika ardhi ya mwamba wa tope: tabaka za matope ya bahari ya kale yaliyogandamana zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Mwamba huo ukikaa juani na mvuani huoza, ukageuka udongo wa mfinyanzi. Ukiendelea kupanda kuelekea Mazeras, Mariakani na Kinango, unakuta miamba ambayo wataalamu huiita kundi la Duruma: mawe ya mchanga yaliyopishana na tabaka nyingine za tope, kama sambusa ya matabaka. Mafundi wa huko hawahitaji ramani kujua. Kiangazi ardhi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ikija, udongo ule ule hunata kwenye viatu hadi mtu anatembea kama amevaa vigogo.

Udongo wa aina hii unapokaa kwenye mteremko una tabia moja ambayo matumbawe hayana. Hutambaa. Hauporomoki kwa kishindo kila mara. Husogea milimita chache kwa mwaka, pengine sentimita chache msimu wa mvua ukiwa mkubwa, kisha kiangazi hutulia kama usiojua lolote. Mtu anaweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka juu ya mlima unaotambaa asijue, ila ashangae tu kwa nini mlango wa jikoni haufungi vizuri kila masika.

Kwa nini mfinyanzi hutambaa

Punje ya mchanga ni kama kokoto ndogo. Zikikutana mbili zinakwaruzana, na ule mkwaruzo ndio unaozuia mteremko usiteleze. Punje ya mfinyanzi ni kitu kingine: ni kijisahani chembamba mno, kisichoonekana kwa macho, na visahani hivyo hupenda maji. Maji huingia kati yao, yakakaa, yasitoke upesi. Ndiyo maana mfinyanzi ndio mtu hutengenezea mtungi na chungu: hushika maji, hukubali umbo.

Sasa fikiria watoto wanaoogelea pale Bandari ya Kale. Mtoto mmoja atalinyanyua ndani ya maji jiwe ambalo nchi kavu halisogezi. Jiwe halikupungua uzito. Maji yanalisaidia kulibeba. Ndani ya mlima hutokea jambo hilo hilo. Maji yakijaa kwenye udongo na kukosa njia ya kutoka, hubanwa, na yakibanwa husukuma kwenda juu. Yanabeba sehemu ya uzito wa mlima. Tabaka la juu halilikandamizi tena la chini kwa nguvu kama kwanza, mkwaruzo unapungua, na mlima unaanza kuteleza juu ya tabaka moja jembamba lililolowa. Wakati mwingine tabaka hilo halizidi unene wa godoro, lakini limebeba kilima kizima.

Hapo ndipo kosa kubwa la watu wengi lilipo. Tukiona udongo unasogea, wazo la kwanza ni kujenga ukuta. Ukuta bila njia ya maji ni kama kumziba mtu mdomo ilhali anatapika. Maji yatajikusanya nyuma yake na kuongeza msukumo, na siku moja vitaondoka vyote, ukuta na mlima.

Bwawa huongeza nini

Mteremko unaotambaa ukiwa mashambani ni tatizo la mashamba. Ukiwa kando ya bwawa, unakuwa tatizo la mji mzima, kwa sababu bwawa huusumbua mara mbili.

Mara ya kwanza ni wakati wa kujaza. Maji ya ziwa hupanda na kuloanisha miguu ya mteremko, ile sehemu ya chini iliyokuwa kavu na yenye kushikilia kilichoko juu. Miguu ikilowa, hulegea.

Mara ya pili ni wakati wa kupunguza, na hii huwashangaza wengi. Wewe mtu wa pwani utaifahamu upesi ukilikumbuka jahazi. Maji yakiwa yamejaa, jahazi limesimama wima, bahari imelishika ubavu huu na huu. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua ambapo bahari yetu hushuka zaidi ya mita 3, jahazi hulala ubavu isipokuwa limewekewa magadi, yale magogo ya kuliegemeza. Mteremko wa mfinyanzi kando ya bwawa ni vivyo hivyo. Ziwa likiwa juu, uzito wa maji huushika ubavu. Ziwa likishushwa haraka, tuseme kwa sababu ya ukame au kwa kufungua milango kwa pupa, msaada huo huondoka, ilhali maji yaliyomo ndani ya udongo hayajapata muda wa kutoka. Mlima unabaki mzito, umelowa, na hauna magadi.

Mfano mkubwa ni Vajont, kaskazini mwa Italia. Ukuta wake ulikuwa wa zege, mwembamba, wa kimo cha mita 262, miongoni mwa mirefu kabisa duniani kwa wakati wake. Walipoanza kujaza mwaka 1960, ubavu wa mlima uitwao Toc ukaanza kusogea. Novemba mwaka huo kipande kikaporomoka, na ufa wa urefu wa karibu kilomita 2 ukaonekana juu ya mlima. Wahandisi waliuona. Walichimba hata handaki la kupitisha maji ya ziwa, iwapo mlima ungekuja kuligawa ziwa mara mbili. Wakaamini kwamba wakijaza polepole na kupunguza polepole watauongoza mlima kama ng'ombe wa kamba. Maji yaliyokuwamo ndani ya mlima wenyewe hayakushughulikiwa.

Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963 mlima ulikuja wote kwa pamoja, mita za ujazo zaidi ya milioni 250, kwa muda usiofika dakika moja. Uliangukia ziwani. Maji yakaruka juu ya ukuta na kushukia mji wa Longarone na vijiji jirani. Walikufa karibu watu 2,000. Uchunguzi uliokuja baadaye ulionyesha kwamba mlima ulikuwa umeteleza juu ya tabaka nyembamba za mfinyanzi, na kwamba maji ya mvua yaliyobanwa ndani yalikuwa na mkono wake.

Na ukuta? Ukuta wa Vajont upo hadi leo. Haukukatika. Mzee wangu wa barazani aliuliza likikatika zege; Vajont inatufundisha kwamba zege linaweza lisikatike, na maafa yakaja.

Dawa ya kwanza: maji yatoke

Kuutuliza mteremko wa mfinyanzi ni kazi inayojulikana, na mpangilio wake una mantiki. Mwanzo ni maji. Mawe, chuma na zege huja nyuma.

Huanzia juu kabisa. Hukatwa mifereji ya kukinga maji ya mvua juu ya mteremko, ili yasifike kwenye sehemu inayosogea, na nyufa zote zinazoonekana huzibwa kwa udongo ulioshindiliwa. Ufa ulio wazi juu ya mlima ni kama faneli: kila mvua hupeleka maji moja kwa moja hadi pale pa kuteleza. Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote.

Inayofuata ni mitaro ya ndani. Huchimbwa mitaro ya kina cha mita kadhaa kushuka na mteremko, ikajazwa kokoto safi, na kufunikwa kwa kitambaa maalumu cha kuchuja ili matope yasizibe. Maji huona kokoto kuwa ni njia rahisi, yakaifuata hadi chini.

Kama maji yako ndani zaidi, hutobolewa mlima kwa mashine kutoka chini, na kuingizwa mabomba yenye matundu, yakiinama kidogo kuelekea nje ili maji yajitiririkie yenyewe bila pampu. Na mlima ukiwa mkubwa mno kwa mabomba, huchimbwa handaki chini ya tabaka linaloteleza, halafu kutoka ndani ya handaki hutobolewa matundu mengi kuelekea juu, yakaunyonya mlima kwa chini kama mtu anavyonywa dafu kwa mrija.

Hapa kuna jambo la kutilia maanani. Si lazima mlima ukauke. Kinachotakiwa ni kupunguza msukumo wa maji, na kupungua kidogo tu huweza kuusimamisha mteremko uliokuwa ukitambaa miaka mia. Lakini mfinyanzi hutoa maji kwa uchoyo. Mchanga utajikamua kwa saa. Mfinyanzi unaweza kuchukua miezi, hata miaka. Kwa hiyo kazi hii haifanywi wiki moja kabla ya sherehe za ufunguzi. Hufanywa mapema, ikaachwa ifanye kazi, ikapimwa, ndipo maji ya ziwa yaruhusiwe kupanda.

New Zealand walilijifunza hilo kwa gharama. Bwawa lao la Clyde, katika kisiwa cha kusini, lilikuwa tayari kwa upande wa zege, lakini bonde la nyuma yake lilikuwa na milima mingi inayotambaa. Waliahirisha kujaza. Walichimba mahandaki ya kutolea maji ambayo kwa jumla yanazidi kilomita 10, wakatoboa matundu chungu nzima, wakalundika mawe kwenye miguu ya miteremko, wakaweka vyombo vya kupima. Kulikuwa na kelele nyingi kuhusu fedha na muda. Ziwa likajazwa kwa hatua mwaka 1992 na 1993, likiinuliwa kidogo na kusubiriwa. Longarone nyingine haikutokea. Habari ya msiba usiotokea haiandikwi sana magazetini, ndiyo maana naiandika hapa.

Kisha uzito, kisha mizizi

Baada ya maji, huja uzito. Mteremko ni kama mizani: kilichoko juu husukuma, kilichoko chini huzuia. Kwa hiyo hupunguzwa udongo wa kichwani na kuongezwa mawe miguuni. Lundo la mawe makubwa chini ya mteremko lina faida mbili: ni zito, na lina matundu, halizuii maji. Ukifikiri vizuri, ukuta wa bahari wa Ngome ni ndugu wa dawa hii; nao unalinda miguu.

Kosa la kawaida ni kinyume chake. Mtu hukata chini ya mteremko ili apate kiwanja au barabara, na ule udongo aliouchimba akaumwaga juu. Ameondoa kizuizi na kuongeza mzigo kwa siku moja.

Zipo pia nguzo ndefu za zege zinazoshindiliwa hadi kupita tabaka linaloteleza, na nyaya za chuma zinazoufunga mteremko kwenye mwamba imara wa ndani. Ni dawa za bei kubwa, na zinafaa pale tu maji yalipokwisha kushughulikiwa.

Chokaa nayo ina nafasi yake, na sisi tuliojengewa nyumba kwa mawe, boriti na chokaa hatuhitaji kuhubiriwa sifa zake. Chokaa ikichanganywa na mfinyanzi huubadilisha: hupunguza kunata na kuvimba, ikaugumisha. Wajenzi wa barabara huitumia kwenye ule udongo mweusi unaopasuka. Kwa mteremko mkubwa chokaa peke yake haitoshi, lakini kwa njia, uwanja au msingi wa nyumba ni msaada wa kweli.

Mwisho ni mizizi. Miti na majani marefu yenye mizizi ya kina, kama vetiva, hushika tabaka la juu na kunywa maji. Haizuii mlima unaoteleza kwa kina cha mita 20, lakini huzuia mmomonyoko wa juu. Na kwa Mwache mmomonyoko ni habari kubwa. Wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997, mchanga na tope lililoshuka na mto ule liliifunika mizizi ya mikoko katika hori la Mwache, na sehemu kubwa ya mikoko ikafa. Tope lile lile likikuta ziwa litatua ndani yake na kulijaza. Ndiyo maana mpango wa bwawa una vizuizi vya kunasa mchanga juu ya ziwa, na ndiyo maana shamba la mtu wa Kinango linahusu bilauri ya maji ya mtu wa Kibokoni.

Sisi tuulize nini

Siandiki haya kuutia mradi doa. Mombasa inahitaji maji, na bwawa lililojengwa vizuri ni neema. Lakini Afrika Mashariki tumekwisha kuona udongo na maji vinafanya nini vikikutana. Tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa nchini Uganda, kilifukiwa na mlima wa udongo wa mfinyanzi baada ya mvua kubwa. Tarehe 9 Mei 2018 kingo za udongo za bwawa la Patel huko Solai, Nakuru, zilivunjika usiku, wakafa watu zaidi ya 40. Mwezi wa Novemba 2019 miteremko ya Pokot Magharibi iliporomoka usiku mmoja, na huko pia wakafa zaidi ya 40. Kila mara tunazika, tunalia, kisha tunasahau hadi masika ijayo.

Katiba yetu, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hiyo vikao vya wananchi vikiitishwa, tusikae tukingoja soda na biskuti. Tuulize haya.

La kwanza: kingo za ziwa zimekaguliwa mteremko kwa mteremko, na ipo ramani inayoonyesha palipo na mfinyanzi na palipo na dalili ya kusogea?

La pili: yako wapi matundu ya kupimia maji ardhini na vyombo vya kupimia kusogea, na nani anayavisoma vipimo hivyo kila mwezi?

La tatu: ziwa litajazwa kwa kasi gani, na ipo sheria inayosema lisishushwe zaidi ya kiasi fulani kwa siku?

La nne: mifereji na mabomba ya kutolea maji yatasafishwa na nani baada ya mkandarasi kufunga virago? Bomba lililoziba ni baya kuliko kutokuwa na bomba, kwa sababu watu watakuwa wamelitegemea.

La tano: watu wanaokaa chini ya bwawa na kandokando ya ziwa wataambiwaje kukiwa na hatari, kwa lugha gani, na wakimbilie wapi?

Haya si maswali ya wapinzani. Mhandisi mzuri atafurahi kuulizwa, kwa kuwa majibu yanapaswa kuwa tayari kwenye faili lake.

Na wewe unayekaa mlimani

Huna haja ya kungoja bwawa. Kama unakaa kwenye mteremko, Changamwe, Rabai, Mazeras au Kwale, angalia mambo haya baada ya kila masika. Miti au nguzo za umeme zilizoanza kuinama upande mmoja. Ufa ardhini wenye umbo la mwezi mchanga, juu ya nyumba yako. Milango na madirisha yaliyoanza kukwama. Chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu. Ardhi iliyovimba chini ya mteremko kama tumbo.

Ukiona dalili, pigilia vigingi viwili vya mti, kimoja upande huu wa ufa na kimoja upande wa pili, pima umbali kati yao kwa futi, na uandike tarehe. Pima tena kila wiki. Ukiongezeka, mwarifu chifu na ofisi ya kaunti, na uwe na vipimo vyako mkononi. Mtu mwenye daftari husikizwa kuliko mwenye kelele. Ukiongezeka kwa kasi mvua ikiwa inanyesha, usipime tena. Hamisha watu, hasa usiku.

Kwa sasa, maji ya paa yasimwagike nyuma ya nyumba. Yakinge kwenye tangi. Shimo la choo lisiwe juu ya mteremko unaonyong'onyea. Na ukijenga ukuta wa kuzuia udongo, mwambie fundi aache matundu ya kutolea maji kila mita, na nyuma yake aweke kokoto kabla ya kurudisha udongo. Fundi akikuambia matundu yanaharibu sura ya ukuta, mwambie sura utaitazama ukuta ukiwa bado umesimama.

Mzee wangu nilimwona tena juzi, amekaa pale pale. Nikamweleza kwa ufupi, jahazi na yote. Akanyamaza kidogo, akatazama upande wa bahari.

"Kwa hiyo jahazi liwekewe magadi kabla maji hayajapwa," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Hilo hata baharia mwanagenzi hulijua. Waambie basi."